Mchele wa Panya

Dada yangu alipobeba mimba alianza kutafuna mchele mbichi, tukambandika jina la Panya. Tulicheka, naye akacheka, mdomo umejaa. Alimzaa binti salama, akatokwa na damu ambayo mzazi mwingine angeihimili, lakini yeye hakuwa na akiba ya damu. Akafariki, nasi tukamlea mtoto.

Mama alimzika dada bila kutoa chozi. Nyumba ikakaa kimya miaka na miaka, hadi mwaka huu ule mlio wa kutafuna ulipoanza tena jikoni, mchana mama akiwa amejilaza: kra, kra, kra.

"Panya karudi," mama alisema, uso umemchanua. Akaanza kumwekea kibakuli cha mchele juu ya kabati. Ukipungua, anaongeza.

Mimi ni mtu wa maabara, mambo ya vizuka siyataki. Lakini niliposikia mlio ule kwa masikio yangu, nywele zilinisimama. Niliita jina la dada. Mlio ukakatika. Nilipoingia, jikoni hapakuwa na mtu, na mlango wa uani ulikuwa ukicheza.

Wiki hiyo yule binti yetu, ambaye sasa naye ni mjamzito, alikuja kliniki kupima. Damu yake niliitazama mwenyewe kwenye darubini. Watu husema fulani ana damu ndogo, maana yake haimtoshi. Hii ilikuwa ndogo kwelikweli: chembe nyekundu zimedumaa moja moja, zimepauka katikati, zimebaki kama pete. Mwili uliokosa madini ya chuma hutengeneza chembe za namna hiyo. Na wengine hushikwa na hamu ya kutafuna visivyotafunwa.

Nikamwita pembeni.

"Unatafuna nini, mwanangu?"

Akainama. "Mama mdogo, usimwambie bibi."

"Mchele?"

"Ilikuwa hamu tu. Halafu nikamsikia bibi anamsalimia marehemu mama, anacheka peke yake. Ningemwambiaje kwamba ni mimi?"

Niliwapenda wote wawili, na niliwakasirikia wote wawili. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nilikwisha kulia mara moja. Nikampeleka nyumbani.

Mama alikuwa jikoni, anajaza kibakuli.

"Mama, anayekula ni mjukuu wako. Damu yake imekuwa kama ya Panya. Tusipomtibu, tutampoteza vilevile."

Alimtazama binti, akatazama tumbo lake.

"Kwa hiyo dada yako hakuja?"

"Hakuja, mama."

"Hata siku moja?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi amekufa," mama alisema, kana kwamba habari imefika leo. Akakaa chini sakafuni, akalia kilio alichokikataa makaburini. Tulimwacha alie.

Kisha akajifuta kwa kanga, akarudisha mchele kwenye ndoo, akafunika. Akaninyooshea mkono nimpe vidonge vya kuongeza damu nilivyotoka navyo kliniki, akamgeukia mjukuu wake.

"Meza," alimwambia. "Haya, fungua mdomo nione."