Boga la Kwanza la Widelène

Dada yangu Rosemène alichemsha boga, akaliponda kwa uma mpaka likalainika kabisa, bila chumvi, maana mwanawe Widelène alikuwa anaanza kula siku hiyo. Mimi nimeshika simu, tayari kurekodi. Kugeuka, bakuli tupu!

"Mama, boga la mtoto liko wapi?" Rosemène akamuuliza mama yetu.

"Leo Mwaka Mpya, nakuta boga limepondwa jikoni kwangu, ulitaka niliweke wapi? Liko kwenye supu. Na nyama. Na pilipili."

"Mama jamani!"

"Acha kelele. Naenda kuomba jingine."

Ila kwa desturi yetu, siku ya Mwaka Mpya mji mzima wa Jacmel unapika supu ya boga. Mama akapita mlango kwa mlango, akarudi na sinia la mabakuli: yote supu, yote pilipili.

Widelène akaishia kunyonya kama kawaida. Nikarekodi hiyo hiyo.