Alhamisi ya Zinaida

Wewe umewahi kupumzishwa kwa nguvu? Mimi nimemwona kwa macho yangu mtu aliyepumzishwa mpaka akachoka, na kila nikikumbuka nacheka peke yangu huku nakoroga sufuria.

Ilikuwa mwaka ule mkoa wetu ulipotoa sheria ya watunzaji wa wazee. Redio ilitangaza asubuhi, na kufika mchana sokoni kila mtu amekuwa wakili. Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Mtu anayelala nyumbani kwa mzee anayemtunza apewe Alhamisi kuanzia mchana, na Jumapili nzima, tena apumzike kweli. Familia itakayomnyima, mkoa utaacha kuisaidia. Zamani pia Alhamisi ilikuwa yao, lakini ya mdomoni tu. Mzee akikohoa, Alhamisi imekwisha.

Juu ya kichwa changu, ghorofa ya pili, anakaa Ersilia. Tumezeeka pamoja, yeye akitangulia kidogo, ingawa hapendi hilo litajwe. Alipovunjika nyonga, miguu ikamgomea, na binti yake Ornella, mwenye duka la miwani huko pwani, akamletea mtunzaji. Ndiye Zinaida, mama wa makamo kutoka Moldova, mabega mapana, mpole kama maziwa. Ukimuuliza jambo lolote, jibu lake ni moja: "Kama Mama anavyotaka." Na Ersilia hajawahi kukosa cha kutaka.

Sasa, wiki ileile ya sheria, familia moja ya Pescara, mji wa pwani, watu wenye lifti na bahari dirishani, ikamwita Zinaida akafanye kazi kwao. Yeye akasema atawajibu mwisho wa mwezi. Hakuficha. Alimwambia Ersilia palepale, akiwa anamchana nywele.

Nikasikia fimbo inagonga juu ya dari, ndiyo simu yetu. Nikapanda.

"Gisella," Ersilia akaniambia, nywele nusu zimechanwa nusu zimesimama, "huyu akiondoka, Ornella atanipeleka nyumba ya wazee. Kule supu wanakupa jua bado linawaka, na televisheni anaishika mtawa."

"Basi mfanyie wema abaki."

"Nitamfanyia sheria. Nitamfanyia sheria mpaka Pescara waone haya."

Alhamisi ya kwanza, vyombo vya mchana havijakauka, Ersilia akamwamuru Zinaida aende chumbani alale. Akajisukuma kwa kiti chake cha magurudumu, akafunga dirisha, akamwongezea blanketi la sufu, na huo ulikuwa mwezi wa sita, joto la kiangazi. Kisha akakiegesha kiti mlangoni pake, fimbo mapajani, kama askari wa benki. Mimi niliitwa nikae na mgonjwa, maana sheria inataka awepo mtu, lakini mgonjwa mwenyewe yuko zamu.

Muuza samaki akapita na gari lake na kile kipaza sauti chake. Ersilia akanituma roshani nimnyamazishe.

"Zima hiyo," nikamwambia. "Kuna mtu humu yuko kwenye sheria."

"Pole, mama. Amefungwa muda gani?"

"Anapumzika, mjinga wewe."

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu, akaenda zake na dagaa wake.

Huku ndani Ersilia anafungua mlango kidogo. "Zina, unapumzika?"

"Ndiyo, Mama."

"Unapumzika vizuri?"

"Vizuri, Mama."

"Basi usiniitikie, unajichosha bure."

Alipotoka jioni, shavu lina mistari ya mto na jasho linamtiririka. Ersilia akanikonyeza, yaani umeona.

Alhamisi ya pili nikasema hapana, zamu hii ni yangu. Mtu hapumziki kwa kulala, anapumzika kwa kula. Tangu alfajiri nilikuwa jikoni. Nilipika mchuzi wa kuku wenye vinyama vya mviringo vidogo kama punje za karanga, na hivyo huviringwa kimoja kimoja kwa vidole viwili, ukifanya haraka vinapasuka. Nikapika mwanakondoo wa jibini na mayai, yai linatiwa mwishoni sufuria ikiwa imeshaepuliwa, la sivyo linaganda vipande. Nikachoma na biskuti zetu nyembamba kwenye chuma cha kuchomea cha mama yangu, kinachoziachia alama za maua.

Zinaida akashuka kwangu, akala. Akisimama aoshe sahani, namkalisha. Akinyoosha mkono achukue kitambaa, nakichukua mimi. Alikaa amekunja mikono, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Na kila baada ya muda fimbo inagonga darini, ko ko ko, Ersilia anataka kujua kama amekula nyama.

"Ongeza kidogo, mwanangu," nikamwambia.

"Kama mama anavyotaka," akasema, akaongeza. Mimi nilifurahi sana siku ile. Usiku alikunywa magadi kutuliza tumbo.

Ornella aliposikia, akaona wivu. Alhamisi ya tatu akaja na gari. "Zinaida apate hewa ya bahari," akasema. Na kwa kuwa hakuna wa kumwachia mama, mama naye akapakiwa, na kiti chake cha magurudumu, na mimi, na mwavuli.

Kiti kile kikaingia mchangani, kikazama kama punda kwenye matope. Nani wa kukisukuma? Mimi nina magoti yangu. Ornella ana viatu vya kisigino, na kila mkono umeshika askrimu. Zinaida akakivuta, akakinyanyua, mwishowe akambeba Ersilia mgongoni mpaka majini, akamwosha miguu, akamrudisha, akampangusa mchanga kidole kwa kidole.

"Zinaida, jamani, acha," Ornella anamwambia, askrimu inamdondokea mkononi. "Leo si siku yako ya mapumziko?"

"Ndiyo, bibie," akasema Zinaida, ameshika magurudumu mawili.

Mwisho wa mwezi ukafika, nao ukaangukia Alhamisi. Nilipopanda baada ya chakula, Zinaida alikuwa anamenya viazi vya jioni mapema, ili Ersilia avikute tayari. Ersilia alikuwa na mpango mpya. Basi la kanisa linakwenda kuhiji mlimani, Zinaida aende na akina mama wa rozari.

"Ni watu wazuri," Ersilia akasema. "Wanaimba njia nzima, kwenda na kurudi."

Zinaida akaendelea kumenya. Ganda la kiazi linateremka refu, halikatiki.

"Au hupendi kuimba? Ornella anaweza kukutafutia mafunzo ya kushona. Gisella anaweza kupika tena."

Nikaitikia kwa kichwa kwamba naweza.

Lile "kama Mama anavyotaka" tulilisubiri sote wawili, halikuja. Na Ersilia, ambaye nimemjua tangu tukiwa na mikia ya nywele, ambaye hata alipomzika mumewe alikuwa akiwapanga waliobeba jeneza, nikaona kidevu kinamtetemeka.

"Unakwenda Pescara," akasema. "Sema tu. Wana lifti."

"Lifti siitaki, Mama."

"Bahari, basi."

"Bahari nimeshaiona. Nilikuwa nimekubeba."

Mimi nikatazama dari, maana kicheko kilikuwa kinanijia wakati mbaya.

"Sheria nimeifuata," Ersilia akasema, sauti imekuwa ndogo. "Kila Alhamisi nimeifuata. Ningefanya nini tena? Unataka nini wewe, Zina? Hujawahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza, Mama."

"Nakuuliza sasa. Na Gisella ni shahidi."

Zinaida akaweka kisu chini. Akapangusa mikono kwa aproni, akaivua, akaikunja mara mbili, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile.

"Mkinipa ninachotaka, leo hii nawapigia Pescara watafute mtu mwingine," akasema. "Wenzangu wa kwetu, wanaotunza wazee wa mji huu, kila Alhamisi wanakaa kwenye ile benchi ya kituo cha mabasi. Nataka kukaa nao. Nisilale, nisilishwe, nisiimbe. Nataka nile mbegu za alizeti, niteme maganda chini, niongee lugha yangu, na niwasengenye ninyi wote, mmoja mmoja, mpaka giza liingie."