Gari la Kaka Linapandishwa

Msinione napandisha gari la michezo mkadhani nimechanganyikiwa. Magari yale huletwa gereji yashushwe. Lakini hili ni la kaka yangu, la milango miwili, kuukuu, na ukikaa ndani ni kama umekaa sakafuni. Tangu augue, magoti hayamwinui tena. Mkewe ndiye humshika kwapani na kumtoa, majirani wote wakitazama. Kaka alinipigia simu akasema, "Dogo, nataka kushuka mwenyewe. Basi, sina jingine."

Sasa, gari halipimwi tupu. Lazima kitini kuwe na uzito wa dereva. Nikampigia shemeji kumuuliza mgonjwa ana kilo ngapi.

"Themanini, kama zamani," alisema kwa furaha, mpaka na mimi nikafurahi. "Anakula, shemeji! Mwili unarudi!"

Nikaweka spesa, vile vipande vya kunyanyulia, za sentimita nne kwenye springi zote, nikapakia kilo themanini za mchanga kitini, nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ukingo wa madigadi. Thelathini na nane kamili. Nikaandika kwa chaki ukutani.

Walikuja asubuhi kwa teksi. Kaka alikuwa amevaa masweta mawili na koti, na jua lote lile. Akafungua mlango, akakaa, akashika fremu, akasimama. Peke yake! Shemeji alipiga makofi mpaka mafundi wote wakageuka.

"Umenitengenezea lori," kaka akanitania.

"Bora lori kuliko kubebwa kama mzigo," nikamjibu, naye akacheka mpaka akakohoa.

Nikamwambia akae tena nihakikishe kipimo. Nikachuchumaa. Thelathini na tisa. Nikailaani tepu, nikapima upya, nikapima mara ya tatu. Thelathini na tisa ile ile. Namba ikipanda, uzito umepungua: mchanga ulikuwa mzito kuliko kaka yangu, tena kwa mbali. Nikamtazama shingo ndani ya ile kola pana.

"Ngapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikaiacha tepu pale pale gurudumuni. Kaka akainama mlangoni, akasoma namba kwenye tepu, kisha akasoma ya ukutani. Amekuwa akiniona nikipima magari miaka yote hii, hakuhitaji kuelezwa.

"Vipi, limekubali?" shemeji akauliza, akija upande wetu.

"Fundi anasema limelala chini kabisa," kaka akawahi kujibu. "Nimenenepa, mke wangu. Itabidi upunguze kunilisha."

Shemeji akaangua kicheko. Sijamsikia akicheka vile tangu mumewe alazwe. Akanigeukia, macho yanang'aa, akingoja nami niseme. Kaka alikuwa amenikamata kiganja, ananibana kwa nguvu zake zote, na nguvu zenyewe zilikuwa kama za mtoto mchanga.

"Kweli, shemeji," nikasema. "Kanenepa."