Gunia la Uzi wa Manjano

Kikundi cha Jumatano kilikuwa na sheria moja tu, na Mama Henriette aliisimamia kwa ukali wa askari wa forodha: hakai mtu mezani kabla ya kuweka mbele ya wenzake kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Kitambaa cha kiti, kofia ya mtoto, kikapu, mto, hata mwiko wa kuchonga kama ameuweza. Kikishawekwa kinapita mkono kwa mkono. Wamama wanakipapasa, wanakigeuza, wanatafuta upande wa nyuma vifundo vilivyofichwa, kisha wanasema walichokiona bila huruma. Aliyekuja mikono mitupu alirudi kwake. Sheria hiyo ilikuwa ya kijinga kidogo, lakini ndiyo iliyowaleta wote sita kwenye chumba cha parokia kila wiki.

Domitille alikuwa tayari kufanya lolote asikose kiti chake. Wapo waliodhani anatafuta sifa. Sifa hakuzitaka, alitaka kelele. Tangu alipomzika Papa Cyrille, mume wake, nyumba yao ya mtaa wa Kataki, mjini Kalemie, ilibaki na sauti mbili, bati la paa likilia kwa jua na yeye mwenyewe akikohoa. Mungu hakuwapa mtoto. Mtaani wanawake waliitwa kwa vifungua mimba wao, Mama Florent, Mama Odile, na yeye aliitwa mjane wa Cyrille, au hakuitwa kabisa. Ila kwenye meza ile ya Jumatano kila mmoja aliitwa kwa jina lake la ubatizo, lile ambalo serikali ya Zaire ilikuwa imelifuta kwenye karatasi zote. "Domitille, sogea kule. Domitille, unafuma ao unachezea sindano?" Wiki nzima alikuwa akiingojea karipio hilo.

Shida ilikuwa uzi. Duka la Mgiriki, kwenye barabara ya kwenda stesheni, lilichukuliwa na serikali, akapewa raia mmoja mwenye marafiki wakubwa. Raia huyo akauza kila kilichokuwa juu ya rafu, kisha akauza na rafu. Domitille aliwahi siku za mwisho na kupata madonge machache ya sufu ya manjano. Alidhani mengine yatakuja. Mashua za Kigoma zilileta sabuni, chumvi na vitenge, sufu hazikuleta.

Akafuma shali. Ikapita mkono kwa mkono, ikasifiwa mahali na kuchambuliwa mahali, akarudi nayo nyumbani kwa furaha. Furaha ile ilidumu mpaka alipokumbuka kwamba Jumatano nyingine inakuja, nayo inataka kitu kipya. Akaitazama shali asubuhi nzima. Halafu akaitafuta ncha ya uzi, akaikuta, akavuta.

Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele zilizotoka kwenye msuko, na mfumaji yeyote ataujua. Kwa hiyo aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga pande mbili usije ukachanganyika, akauloweka maji ya vuguvugu, kisha akautundika kwenye kamba ya nguo na jiwe chini yake mpaka ukanyooka. Jumatano akaingia na triko, sweta ya mtoto, ya manjano.

"Na ile shali?" akauliza Bertille, ambaye hakuna kitu kilichompita.

"Nimetuma Kongolo. Dada ya marehemu amepata mutoto."

Reli ya kwenda kule ilikuwepo, Kongolo ilikuwepo, na dada wa marehemu alikuwepo pia, ila tangu maziko hakuleta hata salamu. Mtoto ndiye hakuwepo.

"Uzi yako haiishake?" Bertille akaendelea.

"Muache," alisema Henriette. "Huyu alinunua gunia nzima kwa Mugiriki. Angalia vile anacheka."

Domitille alikuwa ametabasamu kwa sababu hakujua aufanyie nini uso wake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kuanzia siku hiyo Kalemie nzima ilijua kwamba mjane wa Cyrille ana gunia la sufu chini ya kitanda.

Hivyo ndivyo triko ilivyokuwa kofia na soksi, kofia na soksi zikawa blanketi dogo, blanketi likawa triko tena. Kila kitu kilipata mwenyewe mahali mbali. Mara ni mtoto wa Kongolo, mara ni pacha wa Pepa, ambako kuna baridi na ng'ombe na watu wanahitaji sufu kweli. Ila kila anapofumua, uzi ulikatika hapa na pale, akapoteza kidogo, na kazi zikawa zinapungua ukubwa.

"Watoto wa kwenu," Bertille alimwambia siku moja, "wengine wanakomaa, wao wanarudia tumboni."

Meza nzima ilicheka, na Domitille akacheka kuliko wote. Alikwenda nyumbani akilirudia neno hilo njiani. Kutaniwa namna ile, mtu haoni upweke.

Kisha utani ukaanza kuchacha. Wenzake waliishiwa uzi. Henriette alikuwa anafuma kwa nyuzi alizochomoa kwenye mifuko ya unga, nyuzi ngumu za kuchubua vidole, na mwingine alifumua pazia la mama mkwe wake bila kumuuliza. Walipoona manjano inaingia tena mlangoni, mbichi na iliyonyooka, walinyamaza. Triko ikapita mezani haraka bila kugeuzwa. Kiti cha Domitille kikasogezwa mpaka pembeni, karibu na mlango, ambako upepo wa ziwa unaingia. Hakuna aliyemwambia kitu, na hilo ndilo lililomuuma.

Ndipo Séraphine, mdogo wao kuliko wote, aliyekuwa amepoteza mimba mara kadhaa, akafikisha mimba ya kuonekana. Henriette akagonga meza.

"Kila mumoja atafanya kitu kimoja kwa mutoto wa Séraphine. Uzi tunajua iko wapi." Hakumtazama Domitille. "Hatuombi gunia. Donge moja moja, tu. Utaleta wiki inayokuja."

Wote wakageuka. Domitille akasema atawaletea.

Siku zile alizunguka ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua pa kukaa. Kusema gunia halipo aliweza. Aibu ya gunia ilikuwa ndogo, watu wangecheka na kusahau. Lakini akishasema gunia halipo, swali la pili lingefuata lenyewe: basi vitu vyote vile vilivaliwa na nani? Afadhali wamwite mchoyo kuliko wajue kwamba duniani kote hakuna mtu mmoja anayengoja kitu kutoka mikononi mwake.

Akafumua triko ya mwisho. Akaunyoosha uzi, akaugawanya kwa haki, akapata madonge matano ya ukubwa wa ndimu, moja kwa kila mwenzake. Kwake yeye haukubaki hata uzi wa kufunga kidole.

Jumatano aliyapanga mezani.

"Gunia nzima," alisema Bertille, "na wewe unatuletea mandimu."

"Njo yote?" Henriette aliuliza, akitaka kujua kama ndiyo hayo tu.

"Njo yote."

Kwa mara ya kwanza tangu uzi ule ununuliwe alikuwa amesema ukweli juu yake, na hakuna aliyeuamini. Henriette akacheka kicheko kikavu. "Tunza, Domitille. Utazikwa nayo. Na kazi yako ya leo iko wapi?"

"Leo sina."

"Basi sheria unaijua."

Aliijua. Akachukua mfuko wake. Alifurahi kidogo, niamini, kwamba alikuwa anafukuzwa kama mtu wa kawaida, kwa sheria ya kawaida, na kwamba angeweza kurudi wiki nyingine na kikapu au mwiko na kugombezwa upya. Alikuwa amefika mlangoni Séraphine aliposema, "Mungoje kwanza."

Séraphine alikuwa tayari ameshaanzisha mstari wa kwanza. Alikuwa anausugua uzi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. "Mama Henriette, shika hii. Uzi hii imezeeka."

Henriette akaupeleka dirishani. Akauviringisha vidoleni. Manyoya ya uzi yalikuwa yamekwisha, mahali fulani umebaki mwembamba kama uzi wa kushonea, na kila baada ya pima moja kulikuwa na kifundo kidogo cha kuunganisha. Mwanamke aliyefuma maisha yake yote hahitaji kuelezwa. Akatazama donge lake, akatazama madonge ya wengine.

"Domitille. Hii njo ile shali ya mwanzo?"

"Ndiyo."

"Na triko? Na blanketi?"

"Ndiyo."

Bertille, ambaye mdomo wake ulitangulia akili siku zote, akauliza, "Basi mutoto wa Kongolo alivaa nini?"

Domitille alikuwa bado ameshika kitasa cha mlango. "Hakuna mutoto wa Kongolo," alisema.

Habari za Pepa hakuna aliyeziuliza.

Henriette mwenyewe alikuja kumshika mkono. Akavuta kiti, akakiweka karibu na chake, akampa chai. Jumatano iliyofuata wakamrudishia donge moja, wakisema wao yanawatosha. Mtoto wa Séraphine alizaliwa salama, akavishwa manjano kuanzia kichwani mpaka miguuni, na Domitille akapewa kumbeba kabla ya wote. Tangu hapo kiti chake hakikuwa na hatari tena. Awe na kazi asiwe nayo, alikaribishwa. Alipoingia sauti zilishuka. Bertille akamwita mama, akampisha, akamuuliza kama amelala vizuri. Hata alipofuma vibaya walisema amejitahidi.

Mwezi mzima alivumilia upole huo. Kisha akafuma kofia kwa lile donge alilorudishiwa, na katikati yake akaachia vitanzi kwa makusudi mpaka likapatikana tundu la kupitisha ngumi. Akaiweka mezani, akakaa wima, akangoja.

Kofia ikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja aliliona tundu. Hata kipofu angeliona. Bertille akafungua mdomo, akamtazama Henriette, akaufunga. Henriette akailaza kofia juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja, taratibu.

"Ni nzuri," alisema.

"Iko na tundu, Henriette."

"Haina neno."

"Umeiona? Iko katikati kabisa. Niambie nimefuma vibaya."

"Haina neno, mama. Kunywa chai yako."

Wenzake wakainamisha vichwa juu ya kazi zao. Domitille hakuwahi kuwa peke yake namna ile, hata jioni ile waliyomzika Cyrille na watu wakaondoka. Akashika kikombe kwa mikono miwili. Walikuwa wamemtilia sukari nyingi, akainywa yote.