Maji Yajaapo Kariobangi

Jumanne moja, saa tisa na dakika arobaini alasiri, Winny Otiende alikuwa akichagua mchele kwenye sinia, chumbani mwake ghorofa ya tatu, Kariobangi South, maji ya bahari yalipoingia kutoka chini ya kitanda. Yalikuja polepole, yakauzunguka mtungi wa gesi, yakapanda hadi katikati ya muundi, yakatulia. Winny aliviweka viatu vyake mezani. Alichovya kidole, akaonja, akaendelea na mchele.

Jirani wa ghorofa ya pili hakudondokewa hata tone. Sylvance, msimamizi wa ploti, alipanda ngazi na mopu yake, naye akaonja.

"Hii si maji ya kaunti," akasema. "Kwa hivyo si kazi yangu." Akashuka.

Maji yaliondoka jioni hiyo, yakarudi alfajiri. Tangu hapo yalikuja mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kidogo kuliko jana, kama yafanyavyo pwani. Makorongo wa jalala la Dandora walikuja kusimama kwenye ukuta wa baraza wakiwasubiri samaki. Hakuja samaki wala kaa. Baada ya siku tatu walirudi jalalani, ambako angalau kuna kitu.

Winny alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea bahari. Kozi hiyo hakuiomba. Alama zake ndizo zilizompeleka huko, akaja kuipenda baadaye. Baba yake, Jackton, alistaafu kutoka reli, akarudi Siaya na mama yake, wakamwachia chumba. Walipiga simu Jumapili baada ya kanisa. Siku nyingine sita simu ilikaa kimya, na Winny alikuwa mpweke, upweke wa kawaida tu wa mtu anayepika kikombe kimoja cha mchele na bado kinabaki.

Siku alizozungumza sana maishani ni zile kumi za mwezi wa Aprili, alipokwenda na mwenzake Wayua kuhesabu kaa kwenye hori ya Kitangawe, pale mkono mwembamba wa bahari unapoingia katikati ya mikoko. Walikwenda wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yakishakupwa, Winny alilaza fremu ya waya kwenye tope, akapiga magoti, akahesabu mashimo ya kaa na kuitaja idadi kwa sauti. Wayua, akiwa amesimama juu ya ubao, aliirudia idadi hiyo kwa sauti kabla ya kuiandika. Ndio utaratibu wa kazi: mmoja anasema, mwingine anarudia, ili namba isipotee njiani. Siku ya mwisho walifika mia mbili na kumi na wanne, wakacheka bila sababu. Mwezi wa Juni Wayua alikwenda Doha kulea watoto wa watu, na ujumbe aliotumiwa na Winny ulibaki na tiki moja, haukumfikia.

Kwa kuwa alifundishwa hivyo, Winny alifunga rula kwenye mguu wa kitanda, akaanza kusoma kina kila robo saa. Alizitaja namba kwa sauti, akaacha nafasi ya kurudiwa, akaziandika mwenyewe. Siku ya tano alizilinganisha na ratiba ya maji ya Kitangawe. Zililingana hadi dakika. Alifurahi mno, kisha akasoma gazetini kwamba kampuni moja ilikuwa imemaliza kujenga ukuta kwenye mdomo wa hori, na nyuma yake patajengwa maghala. Maji yaliyozoea kuingia pale mara mbili kwa siku hayakuwa na pa kwenda. Mbali na kaa, na Wayua aliyekuwa Doha, mtu pekee yaliyemjua alikaa Kariobangi.

Hilo halikumsumbua. Kilichomkosesha raha ni kibali cha ukuta, kilichonukuliwa kwenye gazeti hilohilo. Kilisema eneo lile halifikiwi na bahari hata wakati wa bamvua, na ushahidi wake ulikuwa kazi ya wanafunzi wawili, Winny na Wayua.

Alishusha katoni ya fomu kutoka juu ya kabati. Kwa mwandiko wa Wayua, kila ukurasa: saa 4 asubuhi. Wayua aliandika saa kama angemwambia mama yake, saa nne, jua limepanda, bahari imekupwa. Winny ndiye aliyezinakili kwenye kompyuta ya maktaba, harakaharaka, foleni ikiwa nyuma yake. Aliandika nne, akachagua asubuhi, na kompyuta ikapokea. Lakini kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Nne yake ya asubuhi ni saa kumi ya alfajiri, wakati bahari ya bamvua imejaa pomoni. Kwa hiyo ilionekana kwamba bahari imejaa na Kitangawe pakavu. Msimamizi wao, Daktari Wahome, aliwasifu mbele ya darasa zima kwa kuingia topeni alfajiri.

Alimpelekea fomu ofisini.

"Keti, Winny." Daktari alizisoma zote, bila haraka. "Hii ni kosa ya kila mtu. Hata mimi nimewahi."

"Lakini Daktari, ule ukuta umejengwa juu ya hii."

"Ndiyo nakwambia. Umeshajengwa." Alizipanga fomu vizuri, akamrudishia. "Jina lako liko kwa list ya graduation ya Disemba. Ukitoa hii data unaanza upya, na mwenzako ameenda. Utahesabu na nani?"

Winny alizichukua fomu, akarudi nyumbani. Alikaa na swali hilo siku mbili, kisha akaiondoa tasnifu yake ya kaa. Jina likafutwa kwenye orodha. Aliandika barua kwa ofisi inayotoa vibali, akakiri kosa kuwa lake, akaambatisha fomu, akaomba wakaguzi waende Kitangawe saa kumi jioni, siku ya bamvua, wajionee. Chini akaongeza kwamba maji yenyewe kwa sasa yako kwake, na wakitaka kuyapima wanakaribishwa. Barua ilipigwa muhuri wa kupokelewa.

Akangoja. Mama Kate wa mlango wa pili, ambaye jina lake ni Teresiah na huuza jinzi za mitumba Gikomba, aligundua kwamba maji ya chumvi huzuia jinzi nyeusi kuchuja rangi.

"Winny, maji yako inajaa saa ngapi leo?" aliuliza mlangoni, beseni kiunoni.

"Saa nane na nusu, Mama Kate."

"Sawa. Usiniletee ile ya kupungua, iko na mchanga."

Alilowesha jinzi, akashukuru, akaenda zake. Hakuwahi kuketi, ana biashara.

Jibu lilikuja wiki ya sita, siku ya bamvua, ukurasa mmoja. Ofisi ilimshukuru Bi Otiende kwa bidii yake. Wakaguzi walifika Kitangawe saa kumi jioni, kama alivyoomba. Walikuta pakavu. Hawakuona maji, wala kaa, wala shimo la kaa. Kwa hiyo data ya awali imethibitishwa kuwa sahihi, na ombi la kuisahihisha limekataliwa. Kuhusu maji yaliyo chumbani, anashauriwa kuwasiliana na mwenye nyumba.

Winny aliisoma akiwa amesimama majini. Aliisoma tena akitafuta uongo, asiupate popote. Walikwenda saa aliyosema, na kweli palikuwa pakavu, maana saa hiyo maji ya Kitangawe yalikuwa chumbani mwake. Alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akaketi kitandani, akateremsha miguu majini, akakaa nayo hadi yalipoanza kuondoka.