Uzi wa Sweta Kutoka Iringa

Usiku wa jana niliota barabara ya kurudi kwetu ni uzi wa sweta langu, na uzi umeisha kabla hatujafika. Nitaeleza kama ilivyokuwa. Niliacha shule darasa la tano na maisha yangu yote nimepasua mbao, sina ufundi wa kupamba maneno.

Tulikuwa Iringa, kwenye nyumba ya wageni, chumba cha vitanda viwili. Mimi na shemeji yangu Shekalaghe, kaka wa mke wangu, tulikuwa tumemaliza siku tatu za tamasha la waendesha pikipiki, na asubuhi tulitakiwa kuanza safari ya kurudi Lushoto. Tulikuja kwa pikipiki moja, yangu, kwa sababu shemeji haendeshi tena. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na daktari amemwambia bomba hilo linazidi kuwa jembamba.

Kwenda kwetu kuna njia mbili. Fupi inapita Morogoro na Segera. Ndefu inazunguka: bwawa la Mtera, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, halafu inapita chini ya Mlima Kilimanjaro na kushuka Same hadi kwetu. Shemeji alitaka ndefu.

"Nizipitie nchi hizo mara moja nikiwa bado na bomba langu," alisema.

Nikatandaza mezani ramani tuliyogawiwa kwenye tamasha. Njia yenye kona huipimi kwa rula, unaipima kwa uzi. Mkono wa sweta langu la kijani ulikuwa umeanza kufumuka, nikavuta uzi hapo, nikaulaza juu ya njia fupi, nikaukata kwa meno palipoandikwa Lushoto.

"Umepima ipi?" shemeji akauliza kutoka kitandani.

"Fupi."

"Na mlima?"

"Mlima utauona kwenye kalenda. Hiyo hapo ukutani."

Akacheka. Kisha akageukia ukutani.

Nilijiambia nina mbao zinanisubiri, na ni kweli zipo. Lakini si mbao. Sikutaka kusimama kando ya barabara nikimtazama mtu anavyotazama kitu kwa mara ya mwisho. Sijui mtu husimamaje hapo. Mikono anaiweka wapi. Nikazima taa nikalala.

Basi kwenye ndoto ni asubuhi na tumeshaondoka. Jua linawaka. Tumeshika njia ya Mtera, wala sijui nani ameamua. Barabara ni ya kijani, nyembamba, na chini ya tairi inanesanesa.

Kioo cha pembeni kinapepesa. Mwenyekiti wa tamasha alituambia, "Kioo chako ni jicho lako la nyuma," nami nikadhani ni maneno ya wenyeviti. Kumbe kina kope kweli.

"Nina vumbi," kinasema.

"Vumilia. Tupo safarini."

"Miaka kumi na miwili natazama mnakotoka. Mbwa wote waliowahi kutufukuza nawajua kwa sura. Mbele sijawahi kupaona. Kuna nini huko?"

"Kuna barabara."

"Ndivyo unavyojibu kila mtu."

Shemeji anacheka nyuma yangu. "Huyo ni mwenzangu," anasema. "Mpe pole."

Ninakipa pole kioo. Kinapokea.

Mara tupo kwenye mizani ya malori, tumebanwa kati ya matrela mawili. Ofisa wa mizani ni mama mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani.

"Pikipiki hazipimwi," namwambia.

"Leo zinapimwa. Mwenyekiti wenu alisema nini kuhusu mizigo?"

"Beba unachohitaji tu."

"Haya, teremsha nione unahitaji nini."

Anapima spana, anaipitisha. Anapima kandambili za shemeji, anazipitisha, ingawa anazinusa na kukunja uso. Kisha anamwelekezea kalamu shemeji mwenyewe.

"Na huyu?"

"Huyo si mzigo. Ni shemeji yangu."

"Sikuuliza ni nani. Nimeuliza kama anahitajika."

"Anahitajika."

"Sema kwa sauti, malori yananguruma."

"Anahitajika."

Anaandika. Halafu anaingiza mkono chini ya kiti cha pikipiki na kutoa kitu kizito kama mfuko wa saruji. Anakitupa kwenye mizani. Anavaa miwani, anasoma ubavuni, polepole, kidole kikifuata maneno.

"'Mlima utauona kwenye kalenda.' Kilo arobaini na mbili. Kauli hii ni yako?"

Malori yanapiga honi.

"Yangu," nasema.

"Inahitajika?"

"Hapana."

"Basi kaiache nyuma ya kibanda. Ubebe mwenyewe, mimi mgongo unauma."

Nyuma ya kibanda pana rundo la vitu vya aina hiyo walivyoviacha madereva. Kimoja kimeandikwa: "Umefanana na mama yako." Kingine, ambacho ni kikubwa kuliko vyote na kimeota majani, kimeandikwa: "Fanya unavyotaka." Nautua mzigo wangu juu ya rundo. Nikirudi, pikipiki inawaka kwa teke moja, jambo ambalo haijafanya tangu nimeinunua.

Mtera tunapita juu ya ukuta wa bwawa. Kando ya barabara samaki waliokaangwa wamepangwa kwenye beseni na wanaita wateja wenyewe, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine. Shemeji ananiambia nisimame. Anayatazama maji kwa bomba lake, kipande hiki, kisha kipande kile, kama mtu anayekata mkate. Inachukua muda mrefu. Maji yamesimama kimya mpaka amalize.

"Tayari," anasema. "Nimeyala yote."

Dodoma hatuipiti. Dodoma inatupita yenyewe, inakwenda upande mwingine kwa haraka, na shemeji anaipungia mkono.

Kwenye vilima vya Kolo, wale watu waliochorwa miambani wameshuka barabarani. Mnawajua, warefu, wekundu, wembamba kama fito, vichwa vikubwa na hawana sura. Mmoja amenyoosha mkono anaomba lifti.

"Usimwache," kioo kinasema. "Mwenyekiti alisema hatuachi mtu nyuma. Na ukimwacha mimi ndiye nitakayemwona."

Nasimamisha. Anakanyaga barabara, na pale alipokanyaga rangi nyekundu inabaki kwenye ule ukijani. Anapanda nyuma ya shemeji. Hana uzito wowote.

"Mnaishia wapi?" anauliza, ingawa hana mdomo.

"Lushoto."

"Mawe yapo?"

"Tele."

"Mmechora nini juu yake?"

Nafikiri kidogo. "Tumeandika 'Usikojoe hapa'."

"Vizuri," anasema. "Nayo yatadumu."

Shemeji anamuuliza kama kusimama mwambani siku zote kunachosha. Anasema hakuchoshi. Watu wanakuja, wanapiga picha, wanakwenda. Kinachomsumbua ni kwamba hajawahi kuulizwa kama amekula. Shemeji anamuuliza. Anasema bado. Tunampa samaki tuliyemchukua Mtera, ambaye anaomba radhi kwa kupoa.

Babati tunaipita, viboko wamekaa ufukweni mwa ziwa wanakunja nguo. Arusha tunaipita. Mbele kidogo, pale mlima unapotakiwa kuanza kuonekana, barabara inaisha.

Haijaharibika. Imekatwa. Mbele yake hakuna shimo wala pori, hakuna kitu, ni weupe kama karatasi. Ukingo wake una alama za meno.

Shemeji anashuka, anaupapasa ukingo kwa vidole.

"Meno haya nayajua," anasema. "Hili pengo ni lako."

"Ni langu."

"Uzi uliukata kwa njia fupi."

"Niliukata kwa njia fupi."

Anakaa chini kwenye ukingo, miguu inaning'inia kwenye weupe. Hanilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu.

"Sasa?" kinauliza kioo.

Navua sweta.

"We," shemeji anasema, "hilo dada yangu amelifuma masika mawili."

"Najua."

"Atakuuliza."

"Nitamwonyesha lilipokwenda."

Nashika mkono wa sweta palipofumuka. Yule mwekundu anavuta. Shemeji anaunga, maana kufunga fundo hakuhitaji macho, na mafundo yake nayajua, yamefunga mizigo ya mbao zangu miaka yote hiyo na halijafunguka hata moja. Mstari kwa mstari mkono wa sweta unaisha, na mstari kwa mstari barabara inasonga mbele ndani ya weupe. Tunafika kwenye kiwiko. Kila mara nasema, "Bado?" na shemeji anasema, "Vuta."

Halafu upepo unatupiga usoni, baridi, una harufu ya kahawa mbichi na udongo uliolowa.

Mbele yetu pana wingu. Limekaa kama mlinzi wa geti, limekunja nne.

"Hayupo," linasema.

"Tumetoka Iringa," nasema.

"Kila mtu ametoka mahali."

"Huyu macho yake yanakwisha. Akija tena hatauona. Mimi ndiye niliyemchelewesha, kwa hiyo kama kuna mtu wa kurudishwa, nirudishe mimi, yeye mwache apite."

Wingu linanitazama. Nyuma yake sauti nzito inauliza, "Ni akina nani?"

"Ni yule wa kalenda," wingu linajibu.

"Ile picha nilipigwa zamani," inasema sauti. "Nilikuwa na theluji nyingi. Wapitishe."

Wingu linainuka, linakunja shuka zake, linaondoka. Na mlima upo pale pale mbele ya gurudumu, mkubwa kiasi kwamba hauna kushoto wala kulia. Nafungua skrubu ya kioo, nakigeuza kitazame mbele. Kioo kinafungua kope zake zote.

Shemeji ananyanyua uso. Anachungulia na bomba lake hapa, anachungulia pale.

"Naona jiwe," anasema.

Nasogea karibu naye.

"Ni zuri," anaongeza. "Lakini ni jiwe."

Anakohoa kidogo, kama mtu anayesimama kusema kwenye kikao, anavua kofia ya chuma. "Samahani, mzee," anauambia mlima. "Unaweza kurudi nyuma kidogo?"

"Watu wote wananiomba wasogee karibu," mlima unasema. "Wewe ni wa kwanza kuniomba nirudi nyuma." Kisha unainua pindo lake, unaanza kurudi nyuma, taratibu, unanyanyua mguu mmoja mmoja usikanyage migomba ya watu.

"Bado," shemeji anasema. "Bado. Bado kidogo. Hapo. Simama hapo hapo."

"Umeingia kwenye bomba?" namuuliza.

"Umeingia wote. Kilele, mabega, mpaka chini. Pembeni imebaki hata nafasi ya ndege mmoja."

Ndege anakuja, anakaa kwenye nafasi yake.

Nagundua mikono yangu ipo mabegani kwa shemeji. Kumbe ndipo inapowekwa.

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inamalizika. Shemeji alikuwa amekaa kitandani, amevaa, begi limefungwa miguuni kwake.

"Nipo tayari," alisema. "Twende Morogoro."

"Tunapita Kondoa."

Akageuza uso kuelekea kwangu, akinitafuta kwa lile bomba. "Na mbao zako?"

"Mbao hazina macho. Zitasubiri."

"Nani amekuroga?"

"Sikiliza. Mlima tutautazama kwa mbali. Kabla ya Boma Ng'ombe nitasimama, na wewe ndiye utakayesema nisogee au nirudi nyuma. Tukiukaribia sana utaona jiwe tu."

Alinyoosha mkono atafute kofia yake, mkono ukagusa sweta langu lililokuwa kwenye kiti. Akalipapasa. Akalipapasa tena.

"Shemeji," alisema, "umelifanya nini sweta la dada yangu?"

Nikawasha taa. Mkono wa kulia ulikuwa umeishia kwenye kiwiko. Juu ya ramani uzi wa kijani ulikuwa umelala kutoka Iringa, kona kwa kona, ukapita Kondoa, ukapita Arusha, ukazunguka mlima hadi Lushoto. Karibu na Arusha ulikuwa na fundo moja. Nililijua fundo hilo.

Shemeji akainama mezani, jicho lake la kulia karibu kabisa na karatasi, akaufuata uzi polepole. Alipofika Kolo akasimama.

"Hapa pana rangi," alisema.

Nikatazama. Palikuwa na doa dogo, si kubwa kuliko punje ya mtama. Nikalowesha kidole kwa mate nikalisugua. Halikutoka.

"Nyekundu," alisema shemeji. "Naiona vizuri kabisa."

Nikachukua ufunguo nikatoka uani kuiandaa pikipiki. Kitu cha kwanza nilikifuta vumbi kioo.