Mikono ya Norma

Oreste Galbusera alikuwa mchoraji wa matangazo pale Milano. Mwaka 1956 kampuni moja ilimpa kazi ya kuchora bango la taipureta yake mpya, nyekundu, nyepesi, ya kubebwa kama begi. Mashine ilikaa mezani kwake wiki nzima bila yeye kupata wazo. Mwishowe akamwomba Norma Colnaghi, karani wa ofisi ya jirani, aje achape kwa mashine hiyo huku yeye akichora mikono yake.

"Mikono hii?" Norma alicheka. "Iliyoungua kwa wali wa risotto jana?"

"Hiyohiyo. Wewe chapa tu."

Akawa anakuja jioni baada ya kazi. Alichapa upuuzi, akamtania Oreste kwa soksi zake zisizofanana, wakala mkate na salami juu ya michoro. Oreste alianza kuzisubiri jioni zile, ingawa hakuwahi kulitamka hilo. Mchoro ukatoka: vidole vya Norma vikirukaruka juu ya vitufe.

Mkuu wa matangazo wa ile kampuni aliutazama kitambo. "Mzuri. Lakini toa mikono. Mashine inajitosheleza."

Oreste angeweza kubisha. Hakubisha. Aliifunika mikono kwa rangi nyeupe, akabakiza mashine na duara moja jeusi. Na kwa kweli bango lilipendeza zaidi. Hilo ndilo lililomchoma. Kila jioni alijiambia atamweleza Norma kesho.

Mabango yakabandikwa. Norma akamleta mama yake kwenye kituo cha tramu cha Porta Ticinese, mama amevaa koti la kwendea kanisani. Oreste aliwakuta hapo.

"Iko wapi sasa hiyo mikono?" mama aliuliza, akisogeza miwani.

"Nimekosea bango, mama. Twende, baridi."

"Norma, ngoja, nilitaka kukwambia..."

"Ungeniambia jana, Oreste. Jana si tulikula pamoja?"

Hakurudi tena. Bango likapata tuzo, na siku hiyo Oreste alipanda hadi ofisini kwa Norma, maneno yote ameyapanga kichwani. Norma alimsogezea kiti kwa adabu.

"Karibu, Bwana Galbusera. Una kitu cha kuchapiwa?"

Hakuwahi kumwita hivyo. Maneno yote yakamtoka Oreste kichwani. Akasema hapana, akashukuru, akashuka ngazi. Mwaka uliofuata alisikia kwamba Norma ameolewa katika mji wa Lodi.